Swali lililomtoa Imamu Ghazali Baghdad

Mwaka 1095, mwalimu mkuu wa Nizamiyya, chuo chenye sifa kubwa kuliko vyote mjini Baghdad, aliketi mbele ya wanafunzi wake akitaka kusomesha, na ulimi ukakataa. Koo halikuwa na ugonjwa, na somo hakuwa amelisahau. Alikuwa na umri wa miaka 37 hivi, khalifa akimjua, watawala wakimwita kwenye mabaraza yao, na wapinzani wake wa kielimu wakiwa wamekwisha kunyamaza. Jina lake Abu Hamid al-Ghazali, ambaye misikitini na madrasani kwetu pwani hutajwa kwa kifupi tu: Imamu Ghazali.

Kwa kawaida kisa chake husimuliwa kama kisa cha uchamungu, na ndivyo kilivyo. Mimi nataka kukisoma kwa upande mwingine: mtu aliyejihoji kuhusu maisha yake, akapata jibu asilolipenda, akachukua miezi kulikubali na miaka kulifanyia kazi. Nimekichagua kwa sababu maswali ya kujitafakari siku hizi yamekuwa bidhaa. Kila Desemba yanazunguka kwenye simu: maswali kumi ya kugundua kusudi lako, maswali ishirini ya kupanga mwaka. Unajiona wapi miaka mitano ijayo? Ungefanya nini kama pesa isingekuwa tatizo? Daftari linajaa Januari, na ikifika Pasaka mwenye daftari hakumbuki alipoliweka. Maswali yenyewe hayana ubaya. Shida yake ni kwamba yanauliza habari za kesho, na kuhusu kesho kila mtu ni mkarimu. Ghazali alijiuliza habari za kazi aliyokuwa akiifanya siku hiyohiyo.

Bahati yetu ni kwamba aliandika mwenyewe. Akiwa amevuka miaka hamsini alitunga kitabu kifupi, al-Munqidh min al-Dalal, yaani Mwokozi kutoka Upotevuni, ambamo anaeleza alivyotafuta ukweli na alivyotoka Baghdad. Humo ndimo ninamochota sehemu kubwa ya yanayofuata.

Mtoto aliyeingia chuoni kutafuta chakula

Alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasan, kaskazini mashariki mwa Iran ya leo, mwaka 1058 kwa hesabu iliyozoeleka. Wanahistoria wa zamani wanasimulia kwamba baba yake alikuwa mtu wa kipato kidogo, akafariki watoto wakiwa wadogo, na akawa amemwachia rafiki yake Msufi akiba kidogo ya kumsomeshea Abu Hamid na mdogo wake Ahmad. Akiba ilipokwisha, yule rafiki akawaambia ukweli: mimi sina kitu, nendeni madrasa, huko mwanafunzi anapewa riziki yake. Wakaenda. Inapokewa kwamba Ghazali alisema baadaye kuwa waliitafuta elimu kwa ajili ya kitu kingine badala ya Mungu, lakini elimu yenyewe ikakataa kuwa ya mwingine isipokuwa Yeye.

Nimeitaja habari hii mapema kwa sababu inafafanua kitu ambacho orodha za maswali hukisahau. Malengo mengi tunayoyabeba hatukuyachagua. Tuliyaokota njiani tukiwa na njaa. Mtoto wa maskini anayefaulu anafundishwa kwamba kufaulu ndiyo njia ya kutoka, na anaendelea kufaulu hata baada ya kutoka, miaka na miaka, bila mtu kumwuliza safari ilikuwa ya kwenda wapi.

Na Ghazali alifaulu. Alisoma Nishapur kwa Imamu al-Juwayni hadi mwalimu huyo alipofariki mwaka 1085, kisha akaingia katika kundi la wanazuoni waliomzunguka Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa dola ya Waseljuki. Mwaka 1091 waziri akamteua kusomesha Nizamiyya ya Baghdad. Hakukuwa na kiti cha elimu chenye heshima zaidi ya hicho. Mwenyewe anataja kwamba wanafunzi wake mjini humo walikuwa mia tatu. Nizam al-Mulk aliuawa mwaka uliofuata, na Sultani Malik-Shah akafariki wiki chache baadaye. Wana na ndugu wakaanza kugombea kiti cha usultani. Ghazali akabaki imara katikati ya vurugu hizo. Khalifa kijana al-Mustazhir alipotawazwa mwaka 1094, yeye alikuwapo, na ni kwa ajili ya khalifa huyo alipoandika kitabu cha kuwajibu Mabatini, kundi la Kishia la Waismaili lililolaumiwa kwa kuuawa kwa Nizam al-Mulk.

Alianza na kitu chake kilicho bora

Sasa tazama alivyojihoji, kwa sababu mpangilio wake una maana. Anasema kwanza aliangalia hali yake, akajiona amezama katika vifungo vilivyomzunguka pande zote. Kisha akaangalia kazi zake. Iliyo bora kati ya hizo ilikuwa kusomesha, na akaona anasomesha elimu zisizo na uzito kwa mtu anayeiendea akhera. Mwisho akaiangalia nia yake katika kusomesha. Hapo ndipo alipoanguka: aliona kwamba kinachomsukuma ni kutafuta jaha, yaani cheo na heshima mbele ya watu, na kuenea kwa sifa zake. Akajiona amesimama juu ya ukingo unaomomonyoka.

Wengi wetu tukiketi kujitathmini tunakimbilia udhaifu unaojulikana. Nachelewa kulala. Sina akiba. Nashinda kwenye simu. Nimeacha mazoezi. Haya ni mambo ya kweli, lakini ni mepesi, kwa sababu hayagusi picha tuliyonayo kuhusu sisi wenyewe. Mtu anaweza kuyakiri mbele ya wageni na wote wakacheka. Ghazali hakuanza na dhambi zake. Alishika jambo ambalo mji mzima ulimsifia, jambo ambalo ni ibada kwa kila kipimo cha dini yake, akaliuliza swali moja tu: hili ninalifanya kwa ajili ya nani?

Ukitaka kuonja ukali wa swali hilo, usilipeleke kwenye udhaifu wako. Lipeleke kwenye wema wako. Chukua yule ndugu ambaye kila harusi na kila msiba wa ukoo yeye ndiye mwenyekiti wa kamati. Anachangia kabla ya wengine, tena kiasi kinene. Jina lake linakaa juu kwenye orodha inayobandikwa kwenye grupu la WhatsApp kila jioni, "tunashukuru, bado tunapokea". Swali la Ghazali kwake lingekuwa: kama orodha ile isingewekwa, kama fedha zingekusanywa kimyakimya na mweka hazina akafunga mdomo, ungetoa kiasi kilekile? Ungetoa kwa wakati uleule? Na kama jibu ni hapana, basi lengo ulilodhani unalo, kusaidia ukoo, limekalia lengo jingine ambalo halijawahi kuandikwa kwenye daftari lolote la Januari.

Sisemi kwamba aache kuchangia. Harusi inahitaji pilau, na pilau haliulizi nia. Lakini akijua kinachomsukuma, ataelewa kwa nini kila mwaka anamaliza na madeni ya michango huku ada za wanawe zikisubiri. Malengo yake mawili yamekuwa yakigombana, na lililofichika ndilo linaloshinda.

Mguu mbele, mguu nyuma

Jibu lilipopatikana, hakuondoka. Hii ndiyo sehemu ya kisa ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa ni ya kibinadamu mno. Kwa muda ambao mwenyewe anauhesabu kuwa karibu miezi sita, kuanzia Rajabu 488 Hijria, yaani Julai 1095, alikuwa siku moja anaazimia kutoka Baghdad na siku ya pili anaivunja azma. Mwenyewe anasema alikuwa akitanguliza mguu mmoja na kuurudisha nyuma mwingine. Asubuhi hamu ya akhera inakuwa safi. Jioni jeshi la matamanio linaishambulia na kuitawanya. Yeyote aliyewahi kuandika barua ya kuacha kazi usiku akaifuta alfajiri anaijua hali hiyo, ingawa Ghazali saa zake zilikuwa kinyume.

Katika miezi hiyo anasikia wito wa pande mbili. Mwitaji wa imani anampigia kelele: safari! safari! Umri uliobaki ni mdogo na njia ni ndefu, na yote uliyo nayo ya elimu na matendo ni ria, kujionyesha kwa watu. Kisha maswali: usipojiandaa sasa, utajiandaa lini? Usipovikata vifungo hivi sasa, utavikata lini? Upande wa pili shetani anamjibu kwa upole: hiyo ni hali ya kupita, usiifuate, itaondoka upesi. Ukiikubali ukaiacha heshima hii pana, maisha haya yaliyotulia yasiyo na karaha, usalama huu usio na mpinzani, huenda nafsi ikatamani kuyarudia, na kurudi kusiwe rahisi.

Soma tena hoja ya shetani. Hakuna uongo ndani yake. Cheo kilikuwa kipana kweli, maisha yalikuwa matulivu kweli, na kiti kama kile mtu akiinuka kuna watu kumi wa kukikalia. Ghazali hakumpa adui yake hoja dhaifu ili amshinde kirahisi. Aliiandika kwa nguvu zake zote, miaka mingi baadaye, mtu anayesoma akatikisa kichwa na kusema, huyu naye ana maana. Nadhani hapa ndipo kujihoji kwa kweli kunapotofautiana na kujipa moyo. Ukiandika sababu kumi za kuhama mji na sababu mbili hafifu za kubaki, hukujiuliza kitu. Umejiandikia ruhusa.

Ndipo ulimi ukafungwa. Alijitahidi kusomesha japo siku moja ili kuwaridhisha waliokuwa wakimjia, na neno halikutoka. Huzuni ikashuka moyoni, chakula kikawa hakipiti na mwili ukadhoofika hadi matabibu wakakata tamaa. Wakasema jambo hili limeanzia moyoni na kutoka hapo limeenea mwilini, na hakuna dawa mpaka moyo wenyewe upumue.

Kuna watu hulisimulia tukio hili kana kwamba ni lazima mtu avunjike ndipo apate mwelekeo. Sikubaliani nao. Ghazali alivunjika kwa sababu alikaa miezi na jibu mkononi bila kulitendea kitu, na katika simulizi lake hatumwoni akimweleza mtu yeyote kilichokuwa kikimsibu. Leo mtu ambaye hawezi kula, hawezi kulala au hawezi kusema kwa majuma mazima aende hospitali kwanza. Sonona haitibiwi kwa orodha ya maswali. Wakati mwingine maswali huizidisha.

Kuondoka kwa hesabu

Alipoamua, aliamua kwa akili ya mtu aliyewahi kuishi karibu na mawaziri. Alitangaza kwamba anakwenda Makka, huku moyoni amekusudia Sham, yaani nchi ya Syria na Palestina, ili khalifa na marafiki wasijue kwamba hana nia ya kurudi. Aligawa mali yake na kubakisha kiasi cha kumtosha yeye na riziki ya watoto. Anaeleza kwa makini kwamba mali ya Iraq ilikuwa wakfu kwa maslahi ya Waislamu, na kwamba hakuona duniani mali inayofaa zaidi kwa mwanazuoni kulishia familia yake. Inasimuliwa kwamba mdogo wake Ahmad ndiye aliyeshika nafasi yake ya kusomesha. Mnamo Novemba 1095 akatoka.

Hapa pana mambo mawili yanayonisumbua. La kwanza ni hilo la kutangaza Makka. Mtu aliyejihukumu kwa kukosa ikhlasi, usafi wa nia, anaanza maisha mapya kwa kuwaficha watu. Namwelewa: angesema ukweli asingetoka, wangemshika miguu. Lakini inaonyesha kwamba kupata lengo safi hakukufanyi kuwa mtu safi siku hiyohiyo.

La pili ni zito zaidi. Swali lake lilikuwa "kwa ajili ya nani", na kuna watu ambao majibu yao hayakuandikwa: mama wa watoto wale, na watoto wenyewe. Walihesabiwa kwenye matumizi, na hatusikii kwamba waliulizwa. Waandishi wa mambo ya malengo wa siku hizi wana kosa lilelile, wakisema "fuata ndoto yako" kana kwamba msomaji anaishi peke yake, hana mama kijijini wala wadogo wanaosubiri karo. Kwa mtu wa kwetu, kujihoji peke yake chumbani ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kikao.

Nyuma yake Baghdad ilizungumza. Wanazuoni wa Iraq walimlaumu, na hakuna kati yao aliyeweza kuamini kwamba sababu ni ya kidini, maana kwao kile kiti alichokiacha ndicho kilichokuwa cheo cha juu kabisa katika dini. Walioishi mbali walidhani anawakimbia watawala. Walio karibu na watawala, waliokuwa wakiona jinsi anavyobembelezwa naye anavyokataa, walisema hili ni jambo la mbinguni. Ni kijicho tu, wakasema, kimewapata watu wa Uislamu na kundi la elimu. Yaani akiondoka mtu mashuhuri, ama kaogopa ama karogwa! Miaka zaidi ya 900 imepita na maelezo yetu ni yaleyale.

Wanahistoria wa siku hizi nao wameingiza mkono. Wako wanaosema aliwaogopa Mabatini aliowaandika vibaya, akijua yaliyompata Nizam al-Mulk. Wako wanaoelekeza kidole kwenye siasa: mwezi Februari 1095 Sultani Barkiyaruq alimshinda ami yake Tutush aliyekuwa akigombea kiti, Tutush akauawa vitani, na upepo wa Baghdad ukageuka. Mimi sioni kwa nini tuchague. Mtu anaweza kuwa na hofu na bado akawa mkweli kuhusu nia yake. Pengine hofu ndiyo iliyomketisha chini akajiuliza. Ninachokiona ni pengo katika maandishi yake: aliyechunguza kila mshipa wa nafsi yake hakuandika kwamba aliogopa. Tusisahau pia kwamba anasimulia akiwa ameshajua mwisho wa hadithi.

Shahidi wa nje tunaye mmoja wa maana, Abd al-Ghafir al-Farisi wa Nishapur, aliyemjua zamani na baadaye. Anaandika kwamba Ghazali wa awali alikuwa mtu wa kiburi, aliyedharau wengine kwa ufasaha na akili aliyojaliwa. Alipomwona amebadilika alishuku kwamba ni maigizo. Akamtembelea mara nyingi, akachunguza, akaridhika kwamba mabadiliko ni ya kweli. Ushahidi wa aina hii una thamani kuliko daftari lolote: mtu aliyekujua ulipokuwa mbaya, tena asiye na haraka ya kukuamini.

Nadhiri tatu za Hebron

Ghazali alikaa Sham karibu miaka miwili. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti wa Damascus na kujifungia humo kutwa. Alikwenda Baitul-Maqdis, yaani Jerusalem, akawa anaingia Kuba ya Mwamba na kujifungia mlango. Kisha akaenda Hebron, mji ambao Waarabu wanauita al-Khalil, na penye kaburi la Nabii Ibrahimu akaweka nadhiri tatu: hatakwenda kwenye mabaraza ya watawala, hatapokea fedha zao, hatajiingiza katika mijadala ya kushindana.

Ninaziona nadhiri hizi kuwa za thamani kuliko miezi sita ya mateso. Hakuapa kwamba atakuwa mtu bora, wala kwamba atamtafuta Mungu zaidi. Hayo yalikuwa yameshajulikana. Alijiuliza jaha inamwingia kwa mlango gani, akaiona milango mitatu: baraza, mshahara, mjadala. Akaifunga. Kila nadhiri ni tendo ambalo jioni unaweza kusema umelifanya au hukulifanya, bila kubishana na nafsi. Mwenyekiti wetu wa kamati angeweza kufanya vivyo hivyo kwa mambo mawili tu: kutoa kupitia mkono wa mtu mwingine bila jina, na kuweka kikomo cha mwaka kabla ya harusi ya kwanza kutangazwa.

Katika miaka hiyo aliandika pia Ihya Ulum al-Din, Kuhuisha Elimu za Dini, kazi yake kubwa yenye vitabu 40 ndani yake, na cha 38 kinahusu kujichunga na kuihesabu nafsi. Humo anaichukulia nafsi kama mshirika wa biashara ambaye hufai kumwacha na mtaji bila kumsimamia: asubuhi unawekeana naye masharti, mchana unamtazama, jioni mnapiga hesabu, na akila mtaji unamdai. Humo pia anaitaja pokeo kwamba kwa kila tendo la mja, hata dogo, hufunguliwa madaftari matatu. La kwanza, kwa nini? La pili, vipi? La tatu, kwa ajili ya nani? Kati ya orodha zote za maswali nilizowahi kuziona, hii ndiyo fupi kuliko zote, na sijaona cha kuongeza. La kwanza linauliza kama kulikuwa na sababu ya kulifanya jambo au ulivutwa tu na matamanio. La pili linauliza kama ulilifanya kwa ujuzi au kwa kubahatisha. La tatu ni lile lililomnyamazisha Baghdad.

Swali linarudi kwa njia nyingine

Ingekuwa hadithi ya kutungwa, ingeishia Sham. Lakini anaeleza kwamba baada ya kuhiji, wito wa watoto ulimvuta kurudi kwao, ingawa yeye alikuwa mtu wa mwisho kufikiria kurudi. Huko Khurasan aliendelea kutafuta faragha, na shida za wakati, mahitaji ya familia na dharura za riziki zikawa zinaivuruga. Anakiri kwamba utulivu ule aliupata kwa vipindi tu. Hakukata tamaa: vikwazo vikimsukuma, anarudi. Kwa msomaji mwenye watoto wanne na kibanda cha biashara, mistari hiyo michache ina faraja kuliko habari zote za mnara.

Halafu, mwaka 1106, ukaja mtihani wa pili. Waziri Fakhr al-Mulk, mwana wa Nizam al-Mulk, alimtaka arudi kusomesha, safari hii Nizamiyya ya Nishapur, na amri ya sultani ikawa nyuma yake. Kazi ileile, chuo cha jina lilelile, familia ileile ya mawaziri. Mtu anayechukulia malengo kama orodha ya mambo mazuri na mabaya angejibu papo hapo: kusomesha nilishaacha. Ghazali akaigeuzia nafsi yake swali. Huku kujitenga kwako, je, si uvivu sasa? Si kupenda raha, kuilinda heshima yako na kukwepa maudhi ya watu? Faragha iliyokuwa dawa mwaka 1095 ilikuwa imeanza kuwa starehe, na starehe ina nia yake. Akashauriana na watu wa moyo aliowaamini, wote wakamwambia atoke.

Hili ndilo lililonifanya nikiandike kisa hiki. Wengi wetu tukipata jibu moja kubwa maishani tunalijengea nyumba na kuhamia humo. Niliacha kazi ya ofisi, mimi ni mtu wa kujiajiri. Nilirudi kijijini, mimi si mtu wa mjini. Jibu linakuwa utambulisho, na utambulisho hauulizwi tena. Ghazali alipojiuliza upya, swali likaruhusu kile ambacho mwanzo lilikikataza. Anasema wazi kwamba ingawa alirudi kusomesha, hakurudi: zamani alisomesha elimu inayoleta jaha na akawaita watu kwayo kwa kauli na matendo, na sasa anaita kwenye elimu ambayo kwayo jaha huachwa. Anaongeza kwamba anataka kuirekebisha nafsi yake na ya wengine, na hajui kama atafika anakokusudia au mauti yatamkatia njiani.

Inawezekana kumshuku hapa pia. Nadhiri ya Hebron ilisema hapana kwa watawala, na Nishapur aliitwa na mtawala. Yeye aliliona kuwa ni wajibu uliomkabili, kwamba watu wameharibikiwa na tabibu hana haki ya kujifungia ndani. Mimi ninaliona kuwa ni nadhiri iliyopinda bila kuvunjika, na sidhani angebisha sana.

Hakudumu Nishapur. Baada ya miaka michache alirudi Tus, akawa na madrasa na zawia, mahali pa Masufi kukaa na kuabudu, karibu na nyumba yake. Mwaka 1110 al-Kiya al-Harrasi, aliyekuwa akisomesha Nizamiyya ya Baghdad, alifariki, na wakuu wa dola wakamwandikia Ghazali wakimtaka arudi kwenye kiti chake cha zamani. Kile hasa ambacho shetani alimwambia hatakipata tena kilikuwa kimeletwa mlangoni. Akajibu kwa barua, akataja sababu zake: wanafunzi aliokuwa nao Tus, familia isiyoweza kuhamahama, na nadhiri za Hebron, kwani Baghdad huwezi kukaa bila kuingia barazani, kuchukua posho na kujadiliana. Hakwenda. Alifariki Tus Desemba 1111.